Nani Aliichagua Kompyuta Yako? Historia Fupi ya Mashine ya Gemu, Ikitazamwa Kutoka Garissa

Ni kitambo sijaandika hapa, kazi za programu zilinimeza. Leo tupumzike na mambo ya kodi na hifadhidata, tuongee habari za vipuri.

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu aliyeko Garissa alinitumia picha ya skrini ya simu yake na ujumbe mfupi: "Abti, iangalie hii kabla sijalipa." (Kwa wasiojua: kwa Kisomali mjomba na mtoto wa dada yake huitana neno hilohilo moja, abti. Kwa hiyo nikimshauri vibaya, aibu ni yetu sote wawili.)

Picha yenyewe ilikuwa ukurasa wa duka moja la Nairobi. Unachagua kipuri kimoja kimoja, wao wanaunganisha, wanaijaribu mashine, kisha wanaipakia kwenye basi hadi kwako. Kijana alikuwa amechagua kadi ya michoro kubwa kuliko zote ambazo pesa yake ingefika, kasha la kioo mbele na ubavuni, na feni zenye taa za rangi. Kwenye mstari wa pawa saplai hakugusa kitu. Aliacha ile iliyokuwepo, ya bei ya chini kabisa. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu, "Hapo ndipo pa kuokoa pesa."

Pesa hiyo ni akiba ya miaka miwili ya kuhariri video za harusi, na mama yake, yaani dada yangu, ameuza mbuzi kadhaa kuijazia. Mchana mashine itahariri harusi, usiku itacheza gemu. Ikifa, hakuna ya pili.

Nikamwambia asubiri. Ukurasa ule una historia ya zaidi ya miaka 40 nyuma yake, na kati ya wote walioutengeneza njiani, sidhani kama kuna aliyeiwaza Garissa. Hebu tuipitie historia hiyo, halafu tutarudi kwenye orodha ya kijana.

SANDUKU LILILOFUNGUKA

Zamani mtu wa kawaida hakuchagua kompyuta. Walichagua wakubwa: serikali, mabenki, reli. Na wakubwa wakikataa, basi. Majirani zetu Tanzania walipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na kwa miaka mingi suala likaishia hapo.

Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake binafsi, ile PC ya kwanza. Walikuwa na haraka, kwa hiyo badala ya kutengeneza kila kitu wenyewe walinunua vipuri vya wengine: prosesa ya Intel 8088, mfumo wa kuendeshea kutoka Microsoft. Ndani wakaacha nafasi wazi za kuchomeka kadi za ziada, na yeyote aliyejua angeweza kutengeneza kadi ya kuingia pale. Bila kukusudia, IBM ikafungua sanduku ambalo halijafungwa hadi leo. Wazo la "mimi nachagua kipuri hiki na kile" lilipata nguvu hapo.

Shika namba hii moja, tutaihitaji: pawa saplai ya PC ile ya 1981 ilikuwa ya wati 63.5. Mashine nzima, pamoja na diski zake za kuchomoa, ilitumia umeme pungufu ya balbu mbili za zamani za wati 40.

Mwaka 1984 kijana mwanafunzi wa chuo kikuu huko Austin, Texas, jina lake Michael Dell, alianza kuuza kompyuta zilizounganishwa baada ya mteja kuagiza. Mwaka 1985 Gateway ikaanzia kwenye shamba la ng'ombe huko Iowa (ndiyo maana maboksi yao yalikuwa na mabaka meupe na meusi kama ngozi ya ng'ombe). Biashara ilikuwa rahisi: usijaze kompyuta dukani zikapitwa na wakati. Ngoja mteja apige simu, aseme anataka RAM kiasi gani na diski kubwa kiasi gani, ndipo uunganishe. Julai 1996 Dell wakaanza kuuza kupitia mtandao. Mteja akawa anajichagulia mwenyewe kwenye ukurasa. Huyo ndiye babu wa ule ukurasa wa mpwa wangu.

GEMU ZINAPANDA KITINI

Kisha zikaja gemu. Doom ilitoka Desemba 1993, na watu waliokuwa wameridhika na kompyuta za ofisi ghafla wakaziona ni nzito. Tayari mwaka 1992 Falcon Northwest walikuwa wameanza kuunda mashine za gemu peke yake. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ikatoa kadi ya Voodoo, iliyofanya kazi moja tu, kuchora picha za pande tatu, na ilibidi uichomeke pembeni ya kadi yako ya kawaida. Mwaka huohuo Nelson Gonzalez na Alex Aguila walianzisha Alienware mjini Miami. Mwaka 1999 Nvidia wakatoa GeForce 256. Kufika 2006 biashara ilikuwa imenona kiasi kwamba Dell waliinunua Alienware, na HP wakainunua VoodooPC ya Calgary, Kanada.

Angalia kilichotokea kwenye orodha ya vipuri. Kadi ya michoro ilipanda juu kabisa, ikawa ndiyo jina la mashine. Watu hawaulizi tena "una kompyuta gani?" Wanauliza "una kadi gani?" Pawa saplai ikashuka hadi mstari wa mwisho, karibu na kebo na stika.

Lakini umeme haukushuka. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 ilikula wati 60. RTX 4090 ya mwaka 2022 inakula wati 450. RTX 5090 ya mwaka 2025, wati 575. Piga hesabu mwenyewe: kadi moja inakula sawa na pawa saplai tisa za ile PC ya 1981. Na karibu kila wati inayoingia kwenye kompyuta hutoka ikiwa joto. Mashine ya wati 600 ni jiko dogo la umeme uliloliweka chumbani.

Utaniambia Texas nako kuna joto, Miami nako kuna joto. Kweli. Lakini ndani kuna kiyoyozi. Walioutengeneza ukurasa ule walikuwa wamekaa kwenye chumba cha nyuzi 22, na mashine zao zilijaribiwa kwenye chumba cha namna hiyohiyo.

GARISSA LODGE NA MASANDUKU YA DUBAI

Huku kwetu historia ilipita njia nyingine kabisa. Wengi mnaijua Garissa Lodge, ingawa haiko Garissa. Ilikuwa nyumba ya kulala wageni mtaani Eastleigh, Nairobi. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wafanyabiashara waliokimbia vita walipanga vyumba pale, wakawa wanauzia bidhaa mlemle vyumbani. Usiku ni kitanda, mchana ni duka. Bidhaa nyingi zilitoka Dubai. Baadaye jengo zima likageuka kuwa maduka, na Eastleigh yote ikafuata mfano.

Kupitia njia kama hizo vifaa vya umeme vilifika hadi kwetu kaskazini mashariki. Katika mfumo huo mteja hakuchagua kipuri chochote. Alichagua mfanyabiashara. Yeye ndiye aliyesimama Dubai akaamua nini kinaingia kwenye sanduku, akikisia nini kitauzika.

Halafu zikaja zile tunazoziita ex-UK: kompyuta zilizotumika ofisini Uingereza na kwingineko Ulaya, zikasafishwa na kuletwa kuuzwa huku. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, lilifanya kazi ya namna hiyo kwa ajili ya shule. Hizi nazo zilichaguliwa na mtu mwingine: afisa fulani wa ununuzi aliyetaka mashine 200 za kuandikia barua.

Ajabu ni kwamba mashine hizo za barua ndizo zilizowapa vijana wetu gemu. Sababu ni hii. Ile nafasi ya kuchomeka kadi kwenye mazabodi inaruhusiwa kutoa hadi wati 75 yenyewe. Oktoba 2016 ikaja GTX 1050 Ti, kadi ya wati 75 ambayo nyingi zake hazikuhitaji waya wa ziada wa umeme. Unanunua Dell OptiPlex ya ex-UK, unaongeza RAM, unachomeka kadi hiyo (ile fupi, kama kasha ni jembamba), na jioni mnacheza GTA. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo mashine ya gemu ya Afrika Mashariki, na hakuna kampuni iliyoibuni.

Na kwa nini zilidumu? Kwa sababu pawa saplai zake za ofisini hazikudanganya. Imeandikwa wati 240, inatoa wati 240, mwaka baada ya mwaka. Hakukuwa na taa. Kulikuwa na uaminifu tu.

KOMPYUTA YA DADA YANGU

Sasa niseme yangu, maana sina haki ya kumkaripia kijana bila kulisema hili.

Mwishoni mwa 2006 jamaa zetu walioko Minneapolis walimletea dada yangu kompyuta. Alikuwa amefungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi pale Garissa. Nikasafiri kutoka Nairobi kuja kuifunga, mimi mtaalamu wa familia. Wakati ule pawa saplai nyingi zilikuwa na swichi ndogo nyekundu nyuma: upande mmoja 115, upande mwingine 230. Marekani wanatumia volti 120. Sisi tunatumia 240. Swichi ilikuwa kwenye 115, wala sikuitazama.

Nilipobonyeza, ulisikika mlio kama wa risasi, ukafuata moshi na harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Wateja wawili walitoka mbio. Kapasita za ndani zilikuwa zimepata mara mbili ya kile zilichotengenezewa.

Vilivyobaki vilipona. Nikarudi Nairobi kununua pawa saplai nyingine, nikachukua ya bei ya chini iliyoandikwa wati 500. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu, na hilo peke yake lingenitosha kujua. Nikamtumia kwa basi. Ilifanya kazi hadi Machi 2007, kipindi ambacho Garissa huwaka kuliko vipindi vyote vya mwaka. Mchana mmoja ikafa, na ilipokufa iliondoka na mazabodi na hadi diski. Maombi ya kazi ya watu, barua za wateja, hesabu za kibanda, vyote vikapotea. Dada yangu alikaa wiki tatu akizichapa upya bila malipo, kwenye mashine ya kuazima.

Ajali ya kwanza ilikuwa ya kutotazama. Ya pili ilikuwa ya kuchagua, na aliyechagua ni mimi.

UMEME UNAOTEREMKA NA MTO

Baadaye nilijifunza kilichotokea. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita zenye maji ya kemikali ambayo hukauka polepole. Kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, umri wake unakatika nusu. Linganisha chumba cha nyuzi 22 na chumba cha nyuzi 37: kapasita ileile itaishi muda unaozidi kidogo tu theluthi moja. Na Garissa, mjini kwenye tambarare ya Mto Tana, joto la mchana kupita nyuzi 35 ni jambo la kawaida.

Jambo la pili ni umeme wenyewe. Wakati ule Garissa haikuwa kwenye gridi ya taifa. Mji uliishi kwa kituo chake cha dizeli. Katikati ya miaka ya 2010 ndipo laini kubwa kutoka Kindaruma kupitia Mwingi ilipotufikia. Kindaruma ni bwawa la Mto Tana, mto uleule unaopita kwetu, kwa hiyo maji yaliyozungusha mitambo kule juu ndiyo yanayokuja kunyweshea ngamia huku chini. Desemba 2019 ukazinduliwa mtambo wa jua wa Garissa, wa zaidi ya megawati 50.

Kuunganishwa ni neema, lakini sasa matatizo ya nchi nzima ni yetu pia. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kwenye kituo cha Gitaru, bwawa jingine la Tana, na nchi ikakosa umeme. Mwishoni mwa Agosti 2023 giza lilitanda karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Na kila umeme unapozimika na kurudi, hurudi kwa kishindo. Kishindo hicho cha kwanza hupokewa na pawa saplai, kipuri kilekile ambacho mpwa wangu alikiona ni pa kuokoa pesa.

CHAGUA KUTOKA CHINI

Kwa hiyo ushauri niliompa ni huu: usome ukurasa ule kutoka chini kwenda juu.

Anza na ukuta. Kabla ya kompyuta weka UPS yenye kirekebisha volti. Isome kwa wati, si kwa zile VA zilizoandikwa kwa herufi kubwa. UPS ya VA 1,000 mara nyingi hubeba wati 600 hivi tu. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi harusi ya watu na kuzima kwa heshima. Usitegemee kumalizia mechi nayo.

Kisha pawa saplai. Stika ya 80 Plus, mpango ulioanza mwaka 2004, inakuambia umeme kiasi gani unapotea, na inapimwa kwenye maabara ya nyuzi 23 hivi. Haikuambii kifaa kitaishi miaka mingapi. Tafuta kwenye maelezo yake: wati hizo zimepimwa kwenye joto gani? Nyuzi 25, 40 au 50? Chukua ya 50, au angalau 40. Hakikisha pia inakubali volti 100 hadi 240 yenyewe.

Halafu hewa. Feni haiwezi kuipoza kompyuta chini ya joto la chumba. Kama prosesa inapanda nyuzi 45 juu ya hewa iliyopo, Nairobi itakuwa 67, Garissa 82, kwa mashine ileile na gemu ileile. Kwa hiyo acha kioo cha mbele, chukua kasha lenye wavu. Weka feni za kuingiza hewa ziwe nyingi kuliko za kutoa, zote za kuingiza ziwe na vichujio unavyoweza kuvichomoa na kuviosha kila Ijumaa, maana vumbi letu halibishi hodi.

Prosesa sasa. Tafuta ya daraja la wati 65, kama Ryzen 5 7600, na uiache kama ilivyokuja. RAM na SSD zifuate kazi inayolipa, yaani video. Hapa hakuna unafuu: mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipaa duniani kote, viwanda vilipogeukia mitambo ya akili unde.

Mwisho kabisa, kadi ya michoro. Kilichobaki mfukoni ndicho kinachoichagua. RTX 4060 inakula wati 115, RTX 5060 wati 145. Mashine nzima inabaki chini ya wati 300 au karibu yake. Pawa saplai ya wati 550 itaibeba bila kuhema.

Kijana alilalamika. "Abti, umenishusha madaraja mawili." Nikamwambia kadi inaweza kubadilishwa mwakani, harusi ikipatikana nyingi. Mazabodi iliyoungua na harusi za watu zilizopotea hazirudi. Alikuwa bado anabisha ndipo mama yake akachukua simu. Hakunikumbusha ya 2007, hajawahi. Alisema tu, "Walaal, ile ya kwanza uliichagua ukiwa Nairobi. Hii ichague ukiwa hapa."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliwaza neno hilo. IBM, Dell, Alienware, mfanyabiashara wa Dubai, afisa wa ununuzi wa Uingereza, na mimi na kopo langu tupu: sote tulichagua tukiwa kwetu, kwa ajili ya mtu aliyeko kwingine. Ukurasa ule una zawadi moja kubwa ambayo kizazi cha dada yangu hakikuipata, nayo ni kwamba anayechagua anaweza kuwa yuleyule atakayekaa na mashine chumbani. Lakini itamfaa tu akikikumbuka chumba chake.

Boksi lilifika Jumatano. Nilimwomba kijana afungue ubavu kwanza, asukume kadi na RAM vizuri mahali pake, kwani kilomita mia tatu na kitu ndani ya buti la basi si mchezo. Tulikuwa kwenye simu ya video. Kabla hajachomeka waya, dada yangu akamsogeza pembeni, akaligeuza kasha, akainama na tochi ya simu kutazama nyuma.

"Swichi nyekundu iko wapi?"

Siku hizi hakuna, nikamwambia. Hakuridhika hadi alipopitisha kidole pale mwenyewe. Kisha akamruhusu mwanawe awashe.

Taa za rangi tulimwachia.

Haya, tuonane wiki ijayo.